Adui wa Kapteni Jumbe

Kazi ya kuwa adui hakuna aliyeitaka. Kapteni Jumbe aliwauliza vijana wanaobeba magunia, akawauliza wacheza ngoma, akamuuliza hata fundi baiskeli wa pale njia panda. Wote walitaka kuwa jeshi letu. Mwisho alimgeukia mdogo wangu Luhaga, na Luhaga akakubali.

Mimi sikupenda. Luhaga alikwenda vita ya Kagera kweli, mgambo kutoka Sengerema, akarudi na sikio moja halisikii vizuri. Mtu kama huyo kumvisha sare ya wale aliopigana nao, niliona ni vibaya. Nikamwambia. Yeye akacheka.

"Kaka, hapa nani mwingine anajua walivyokuwa wanakimbia?"

Hii ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Chama cha ushirika kilikuwa kimeshindwa kununua pamba, wanunuzi binafsi wameingia na malori yao, na ghala moja kubwa la ufukweni, kwenye njia ya kutoka Mwanza kwenda Kigongo, limebaki na popo. Kapteni Jumbe alikuwa amestaafu jeshini na hakurudi kwao pwani. Aliliomba ghala, akapewa, akaligeuza makumbusho ya vita. Humo aliweka kofia za chuma, redio za kubeba mgongoni, masanduku ya risasi yasiyo na risasi. Nje ya mlango aliweka mzinga mbovu, juu yake ametandaza wavu wa kijani, ule wa jeshi wa kufichia silaha. Ndani, kwenye kabati la kioo, kulikuwa na sare mbili za askari wa adui zilizotekwa vitani. Alizipenda sare zile kama mtu anavyopenda ng'ombe wake.

Siku ya Majeshi, Septemba mosi, alitaka kufanya sherehe ya kuwaheshimu wanajeshi na kuwaalika watu wote wa maeneo yale. Ngoma ya bugobogobo, kuvuta kamba, pilau, wazee wa vita wapite mbele ya watu wapigiwe makofi. Mgeni rasmi alikuwa kanali kutoka kambini. Na katikati ya hayo yote, igizo: adui anatokea ziwani kwa mtumbwi, anavamia, anatekwa.

Mtumbwi ulikuwa wangu. Mimi ni Chenge, kazi yangu ni kuvusha mizigo. Darasani niliishia la nne, lakini mashine ya mtumbwi naijua. Nilikubali kuendesha, bila kuvaa sare. Adui wa pili alikuwa mwalimu Antoni, Mhaya wa Bukoba aliyekuwa anafundisha shule ya jirani na alipenda sana maigizo. Kapteni aliwapa bunduki mbili za kabatini, zimeng'olewa vyuma vya ndani, hazipigi hata panya.

Jana yake alitupanga.

"Mtajificha ng'ambo, nyuma ya mawe ya kusini mwa Kamanga. Mkisikia baruti, mnakuja. Mkikaribia, mimi nitashika spika. Nitawaambia wananchi hatuwajui nyinyi, hatujawahi kuwaona, wachukueni. Nyinyi msiseme neno. Adui wangu haongei."

"Na nikikohoa?" Luhaga akauliza.

"Kohoa kwa lugha ya kigeni," kapteni akasema, na tukacheka.

Asubuhi tulivuka, tukajibanza nyuma ya mawe. Jua likapanda. Mwalimu Antoni alikuwa anajifunza kukunja uso. Luhaga alijikuna shingo. Sare zile zilikuwa zimekaa na vidonge vya kufukuza nondo miaka yote, zinanuka kama sanduku la bibi harusi. Upande wa pili tulisikia ngoma, kisha baruti ya wapasua mawe ikalia. Nikavuta kamba, mashine ikawaka, tukatoka.

Hatukufika mbali. Mashine ilinguruma, ikakabwa, ikazima. Nilijua kabla sijaangalia. Pangaboi la mashine limekula nyavu za watu. Mtu alikuwa amezitega karibu na mawe, maboya yake vipande vya ndala, na kwa mawimbi sikuyaona. Niliinua mashine. Nyavu zilikuwa zimejizungusha kwenye pangaboi kama uzi kwenye kidole. Upepo nao ukaanza kutusukuma kuelekea nchi kavu.

"Kata," nikamwambia Luhaga. "Kata haraka, tutagonga mwamba."

Alichomoa panga, akakata. Mwalimu alizivuta zile zilizokatika akaziingiza ndani ya mtumbwi zisirudi kwenye mashine. Bunduki alikuwa ameitundika begani ili mikono iwe huru.

Nikainua kichwa. Pale ufukweni kulikuwa na mwanamke anatandaza dagaa mchangani. Alikuwa amesimama wima, beseni kiunoni, anatuangalia. Nami kwa mara ya kwanza nikatuona jinsi alivyotuona yeye. Watu wawili wenye makoti ya jeshi na bunduki, wanakata nyavu na kuzipakia.

Mwaka ule majambazi wa ziwani walikuwa wamezidi. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa Mwanza, sangara amepanda bei, na nyavu na mashine zimekuwa mali ya kuulia mtu. Waliokuja kuiba walikuja wamevaa makoti ya jeshi. Wengine walipiga risasi kwanza, wakaiba baadaye. Kila mwalo wa wavuvi ulikuwa na kaburi la namna hiyo.

Beseni lilianguka. Yule mwanamke akapiga mwano.

Kama hukuzaliwa Usukumani, sijui nikuelezeje. Mwano si kelele ya kuita watu tu. Unaanzia chini kooni, unapanda, unakatika, unapanda tena, na mtu anayeupiga hawezi kuupiga kwa utani, mwili unakataa. Ukiusikia huulizi. Unashika ulichonacho mkononi, unakimbia kuufuata, na wewe unaupokeza kwa wa mbele. Asiyekimbia, kesho hana jirani. Haazimwi moto, hazikwi na watu. Anayeupiga bila sababu analipa dume la ng'ombe.

Mwano wa yule mama ulipokewa nyuma ya miti. Ukapokewa tena mlimani, mbali zaidi. Filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, zikaanza.

Mwalimu Antoni akatabasamu. "Huku nako wanashangilia Siku ya Majeshi?"

"Hapana, mwalimu," Luhaga akasema. "Wanakuja kutuua."

Mwalimu alishika bunduki. Sijui alitaka kuitupa au kuinyanyua ajisalimishe kama kwenye mazoezi yetu. Nikamkamata mkono.

"Iweke chini. Sakafuni. Usiiguse tena."

"Tuogelee."

"Ukikimbia umekiri," Luhaga akamwambia. Alikuwa ameshapiga magoti kule mbele ya mtumbwi, mikono juu ya kichwa. Yeye mwenyewe alikuwa sungusungu kwao, alijua kila kitakachofuata. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara, "Piga magoti. Usiongee mpaka uulizwe. Wakikupiga, usirudishe mkono."

Walitoka kwenye vichaka kama siafu. Wengine na mapinde, wengine na mapanga, mmoja alikuja na mchi wa kutwangia kwa sababu ndio aliokuwa karibu nao. Waliingia majini mpaka kifuani, wakaukamata mtumbwi, wakauvuta. Tulipigwa kidogo. Nasema kidogo kwa sababu najua kipigo kamili kinakuwaje. Walitufunga mikono kwa zile zile nyavu zilizokatwa, wakatukalisha mchangani juu ya dagaa waliomwagika.

Duara likafunguka, akapita mzee mfupi mwenye koti la mvua na filimbi shingoni. Aliitwa Ngosha, ndiye aliyekuwa mtemi wa sungusungu wa pale.

"Shikamoo mzee," mwalimu Antoni akasema.

Mzee Ngosha alimwangalia, akaangalia pembeni. Hakuitikia. Mzee akikunyima marahaba mbele ya watu, ujue ameshakutoa kwenye hesabu ya walio hai.

"Nyavu za nani?" akauliza.

"Zangu," yule mwanamke akasema. Akaja mbele. Jina lake Paskazia, mjane, kama umri wangu, miguu imejaa magamba ya dagaa.

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu. Wamekata, wamepakia."

"Haya," mzee akasema. Akachukua fimbo kutoka kwa kijana mmoja, akampa.

Niseme utaratibu wao, ili ujue fimbo ile ilikuwa nini. Mwenye mali ndiye anayepiga wa kwanza. Baada yake kila mtu anapiga, mmoja mmoja, hakuna wa kubaki nyuma. Polisi wakija kesho kuuliza nani ameua, jibu ni kijiji. Ila bila yule wa kwanza, wa pili hana ruhusa. Uhai wa mdogo wangu ulikuwa mkononi mwa mwanamke mmoja ambaye alikuwa na haki ya kuwa na hasira.

Alisimama mbele ya Luhaga.

"Mume wangu alipigwa risasi pale." Alionyesha jiwe kwa fimbo. "Alikuwa amewaachia kila kitu, mashine, nyavu, mpaka sufuria. Wakampiga. Na aliyempiga alikuwa na koti kama hili."

"Pole, mayu," Luhaga akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mimi ni Luhaga, wa huku huku Sengerema. Hili koti ni la sherehe. Nimeletwa nicheze."

"Anacheza na bunduki," mtu akasema nyuma. Wengine wakacheka vibaya.

"Zishikeni," nikasema. "Zifungueni. Ndani hamna kitu."

"Wewe umeulizwa?" Kofi likanifikia kabla swali halijaisha.

Paskazia alisogea karibu zaidi. Nilidhani anatafuta pa kupiga. Aliinama, akashika ukosi wa lile koti, akanusa. Akanusa tena begani.

"Linanuka sanduku," akasema.

"Ni dawa ya nondo, mayu. Limekaa kwenye kabati la kioo."

"Wale walinuka petroli na bangi." Aliwageukia wenzake. "Mtu anayelala mawe ya ziwani ataweka wapi dawa ya nondo?"

"Ameliiba jana kwa Mhindi," akasema yule wa mchi.

"Labda," Paskazia akasema. Lakini fimbo alikuwa ameishusha.

Hapo ndipo mzee Ngosha alipotuuliza, na tukamweleza. Kapteni Jumbe, ghala la pamba, Siku ya Majeshi. Ngoma zilikuwa zinasikika kutoka ng'ambo, hilo halikuweza kukataliwa. Mzee alisikiliza huku anachokonoa meno.

"Basi hakuna maneno mengi," akasema. "Tutakwenda kwa huyo kapteni. Akisema hawa ni watu wangu, tutakaa tuzungumze habari ya nyavu. Akisema hawajui, hatutarudi na nyinyi, na wala hamtashuka kwenye mtumbwi."

Nilimwangalia Luhaga, naye ananiangalia. Tulikuwa tumekumbuka kitu kimoja.

"Mzee," nikasema, "kuna jambo. Kapteni atasema hajui sisi ni nani. Atasema kwa spika, watu wote wasikie. Ndio mchezo wenyewe ulivyo."

Wakaangua kicheko.

"Mmemsikia?" mzee Ngosha akasema. "Sijawahi kumwona mwizi wa namna hii. Anakuambia mapema kwamba shahidi wake atamkana."

"Niache nimwite tukikaribia. Nimwambie aache mchezo."

"Umfundishe cha kusema? Hapana. Mtu akikujua, atakujua umenyamaza. Njiani hakuna neno. Atakayefungua mdomo, mshale unaondoka."

Huwezi kumlaumu. Ningekuwa mimi ndiye mzee, ningesema hivyo hivyo.

Walipakia mitumbwi minne. Sisi tulikaa katika ule wa mbele, tumefungwa, mzee Ngosha katikati, Paskazia kando yake na kipande cha nyavu zake magotini. Nyuma ya Luhaga waliweka kijana mwenye upinde, mshale umeshaegeshwa. Mshale ulikuwa na kichwa cha chuma, umepakwa kitu cheusi. Kijana mwenyewe alikuwa na jasho juu ya mdomo. Aliogopa. Na mtu mwenye hofu akishika upinde, hata wimbi linaweza kuamua.

Walipiga makasia bila haraka. Ziwa lilikuwa na mawimbi madogo, na kila mtumbwi ulipoinuka nilitazama ule mkono wa kijana. Mwalimu Antoni alikuwa anasali rozari bila rozari, midomo tu. Luhaga aliangalia mbele. Jasho lilimshuka shingoni likaingia kwenye ule ukosi.

Ghala likaanza kuonekana, na bendera, na watu wamejaa mpaka kwenye maji. Turubai la wageni lilikuwa la bluu. Niliwaona wazee wa vita wamepangwa kwenye mabenchi na medali zao. Wacheza bugobogobo walikuwa wanarusha majembe juu na kuyadaka. Pilau ilinukia mpaka ziwani. Kisha ngoma ikapunguzwa, na spika ikakoroma.

Kapteni alituona.

Nilijua alichokuwa anakifikiri. Alitarajia mtumbwi mmoja, imekuja minne. Aliamini mwalimu Antoni amemwongezea uhondo. Hata kwa mbali niliona anavyonyanyuka juu ya vidole vya miguu kwa furaha.

"Wananchi!" spika ikasema. "Adui ameongeza majeshi!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Wale wa mitumbwi waliangaliana.

"Tusubiri," mzee Ngosha akasema. "Bado hajasema."

Tulisogea. Sasa niliziona sura. Nilimwona kanali chini ya turubai, na walinzi wake wawili wamesimama nyuma yake na bunduki ambazo hazikutoka kwenye kabati. Mmoja wao alikuwa haangalii igizo kama wengine. Alikuwa amekaza macho kwenye ile mishale, na bunduki yake ilikuwa imeteremka kutoka begani.

Nilijaribu macho. Nilimkazia kapteni macho mpaka yakauma. Nikatikisa kichwa. Kijana wa upinde akanigusa mbavu kwa goti, nikaacha. Kapteni alinyanyua mkono kuwanyamazisha watu.

"Nyinyi mlioko majini!" akasema, na ile sauti yake nzuri ya paredi. "Hatuwajui! Hatujawahi kuwaona! Hamna mwenyeji hapa! Wananchi, kuna mtu yeyote anawajua hawa?"

"Hatuwajui!" watu wote wakajibu kwa raha, wengi wao majirani zangu.

Paskazia alifumba macho.

Mzee Ngosha hakufurahi. Hilo niliona, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua mzigo mzito, akasema kwa sauti ndogo, "Mmesikia wenyewe."

Nikasikia kamba ya upinde inalia inapovutwa.

Na mabega ya Luhaga yakapanda. Nilidhani anajikunja kusubiri. Alikuwa anavuta hewa. Akainua kidevu, na yeye, mikono imefungwa, koti la adui mwilini, akapiga mwano.

Ulitoka chini kabisa. Ukapanda, ukakatika, ukapanda.

Niliona kilichotokea mara moja, pande zote mbili, na sikuwahi kuona kitu kama kile. Yule kijana wa upinde aligeuza kichwa kutafuta hatari iko wapi. Hakuamua kufanya hivyo. Amezaliwa kwenye sauti ile, mwili ulitii peke yake, na mshale ukaelekea chini pamoja na macho yake. Kule ufukweni kicheko kilikatika kama kimekatwa kwa panga. Igizo wanaweza kulichekea. Mwano hawawezi, na haukuwa kwenye igizo, kila Msukuma pale alijua hauwezi kuwekwa kwenye igizo. Mtu wa kwanza akaupokea. Wa pili. Wacheza ngoma walishika majembe yao sawasawa wakaingia majini na njuga zao. Wazee wa vita wakaacha mabenchi. Mmoja wa walinzi wa kanali, kijana wa Kisukuma kutoka Magu, alimwacha kanali wake peke yake akakimbia na bunduki mpaka maji yakamfika magotini, ndipo alipokumbuka kwamba yuko kazini.

"Hiyo haimo," spika ikasema. "Jamani, hiyo haimo kwenye…" Halafu ikanyamaza. Kapteni alikuwa mtu wa pwani, lakini alikuwa ameishi nasi miaka mingi. Aliiachia spika ikaanguka, akaingia majini na viatu vyake vilivyong'arishwa.

Yule mlinzi mwingine, ambaye hakuwa Msukuma, alikuwa ameelekeza bunduki kwenye mtumbwi wetu. Risasi yake isingejua nani mwizi nani mwenye nyavu. Kanali alimshika mtutu akaushusha.

Mzee Ngosha alisimama kwenye mtumbwi. Mwano ukipigwa, mkubwa aliyepo lazima aulize, na hapo palikuwa na watu mia wanaosubiri aulize.

"Nani amepiga mwano?"

"Mimi," Luhaga akasema. Sauti ilikuwa imepasuka. "Luhaga, wa Sengerema. Nimekamatwa kwa kosa la nyavu, hilo silikatai, tumezikata. Lakini nauawa kama jambazi, na mtu aliyenituma yuko pale ananikana."

"Ni wangu!" Kapteni alikuwa ameshafika, maji kifuani, medali zimelowa. Alikamata ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili. "Ni watu wangu hawa. Huyu Luhaga, yule Chenge, huyo mwalimu. Nimewatuma mimi."

"Umesema huwajui. Umesema kwa mashine, mji mzima umesikia."

"Ulikuwa mchezo, mzee."

"Mchezo wa kumkana mtu?" mzee Ngosha akauliza. Hakuwa anamdhihaki. Alitaka kujua.

Kapteni alimwona yule kijana na upinde wake. Aliuona mshale. Nadhani ndipo alipoelewa.

"Nimekosa," akasema.

Tulifunguliwa mikono. Mwalimu Antoni alishuka, akaenda moja kwa moja kwa mzee Ngosha, akasema tena, kwa ukali kama anayedai haki yake, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema. "Pole sana."

Mwalimu akakaa majini akalia.

Kikao kilifanyika pale pale, chini ya turubai la wageni, sungusungu wamechuchumaa na mapinde yao mbele ya viti vya wakubwa. Kanali alikaa akasikiliza kama mtu mwingine yeyote. Kapteni alijaribu kueleza kwamba alitangaza kwa gari la spika mjini kote. Mzee Ngosha akamuuliza kama gari lile linatembea juu ya maji. Ikaisha hoja hiyo.

"Mama anataka nini?" kanali akauliza.

Paskazia alikuwa hajakaa. Alikuwa anaangalia kule mlangoni kwa makumbusho.

"Nyavu zangu zimekatwa. Nataka ule."

Sote tukageuka. Alikuwa anaonyesha ule wavu wa kijani juu ya mzinga.

"Mama," kapteni akasema kwa upole, "ule ni wa kuficha silaha. Umetoka vitani. Haushiki samaki."

"Kwani mimi nimezaliwa milimani? Najua haushiki samaki. Kunguru wananimaliza dagaa. Nitafunika."

"Nitakununulia nyavu nyingine, nzuri. Ule ni kumbukumbu ya…"

"Mpe," kanali akasema.

Vijana walipanda wakauteremsha. Mzinga ulibaki uchi, ukaonekana ulivyokuwa mdogo, na kutu. Paskazia aliukunja wavu mwenyewe, kila pembe, akauweka kichwani. Kabla hajaondoka alikwenda kwa Luhaga, ambaye alikuwa bado na lile koti, labda alikuwa amesahau.

"Vua hilo," akamwambia. "Mimi nilisogea nikanusa. Mwingine hatanusa."

Luhaga alilivua. Alilikunja vizuri, kijeshi, akampelekea kapteni kwa mikono miwili.

"Mwakani tafuta adui mwingine," akasema.

Watu walikula pilau. Ngoma ilirudi, lakini haikuchemka. Sisi hatukukaa. Mzee Ngosha alitupatia mtumbwi mmoja utupeleke mpaka kule mawe ya Kamanga nikachukue wangu. Luhaga alikaa mbele, kifua wazi, mikono imejaa alama za nyavu. Sauti ilikuwa imemwisha, anaongea kwa kunong'ona.

"Kaka."

"Naam."

"Wewe ulikuwa nyuma yangu kidogo. Yule kijana alikuwa ameuvuta?"

Alikuwa ameuvuta mpaka sikioni. Niliona kidole cha kwanza kimeshaanza kufunguka.

"Sikuona," nikamwambia. "Nilikuwa namwangalia kapteni."

Luhaga alitikisa kichwa taratibu, akajipaka maji ya ziwa shingoni, pale palipokuwa na ule ukosi, akayapaka tena.